Vyakula Alivyokatazwa Madame Phébé

Ugonjwa wa Madame Phébé Mwila una jina, na hilo ndilo lililomponza. Angeumwa malaria kama sisi wengine, tungempa pole, tungempelekea papai, kisha tungerudi kwetu. Lakini alikwenda Lubumbashi na mumewe Constant, daktari akambonyeza mabega, shingo, mgongo na magoti, akapima damu na kupiga picha, vyote vikatoka safi, ndipo akamwambia: una fibromyalgie, maumivu ya mwili mzima yasiyoonekana kwenye vipimo. Aliporudi Kamina na neno refu namna ile, mtaa wetu ulipata kazi.

Mimi ni jirani yake, ua kwa ua. Naitwa Mama Djo. Mimi Mkatoliki, yeye Mmethodisti, na hatujawahi kugombana isipokuwa juu ya kuku wangu. Nimemwona akiamka asubuhi akiwa hoi kama mtu aliyeshusha mifuko ya mahindi stesheni, naye alikuwa amelala tu. Nimemwona akishindwa kukamua nguo. Nimemwona pia siku hiyohiyo akijipaka mafuta, akifunga kitenge vizuri na kwenda kufundisha darasa lake la pili, kisha akarudi anaimba nyimbo alizowafundisha watoto. Darasa lile analipenda kupita kiasi. Angeambiwa achague kati ya darasa na mume, Constant asingelala usingizi.

Daktari wa Lubumbashi alisema mambo ya kawaida sana. Ugonjwa huu hauui, na dawa ya kuung'oa haipo. Atembee kila siku kidogo, alale mapema. Chakula hakitamponya, lakini kinaweza kumsaidia au kumsumbua: ale kwa saa zake, asikae na njaa, maharage na mboga na samaki ni vizuri, sukari apunguze. Akihisi kitu fulani kinamchokoza, akiache kwa muda aone, kisha akijaribu tena. Constant alikuwa amekaa pale pale, kofia magotini, akisikia kila neno.

Kosa la Phébé lilikuja baadaye. Akina mama wa Kipendano, umoja wa wanawake wa kanisa lake, walikuja kumwona, wakamuuliza daktari kasema nini. Angewaambia amepigwa sindano kubwa, mambo yangeishia hapo. Yeye, kwa uaminifu wake wa kimethodisti, akajibu:

"Alisema nitembee-tembee, nilale muzuri, na nichunge chakula."

Chakula! Mambo ya mishipa ungewauliza, wangenyamaza. Lakini chakula, nani Kamina hakijui? Nani hajala?

Aliyeanza ni Mama Rachelle, rais wa Kipendano, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya hata anapoomba chumvi.

"Madame, samaki ya kukausha uache kabisa," alisema. "Ile moshi inaingiaka mu mifupa. Mama mudogo wangu kule Bukama alikulaka samaki ya moshi maisha yake yote, na kuzeeka alizeeka na maumivu."

Mama mdogo huyo alifariki akiwa bibi kizee kikongwe, akiwa amekwisha wazika waume wawili, lakini hakuna aliyethubutu kulitaja hilo.

Wa pili alikuja Christophe, muuguzi mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Docteur. Yeye alikataza nyanya, kwa sababu nyanya ina acide, yaani tindikali, na acide hula viungo kama inavyokula betri ya gari. Wa tatu alikuwa Papa Philémon, shemasi, anayeuza unga wa majani ya mlonge mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Alikataza maharage. Gesi yake, alisema, ikikosa njia ya kutoka chini hupanda mabegani. Badala ya maharage ale nini? Mlonge, bila shaka. Wahenga walisema kila mwamba ngozi huvutia kwake, na Papa Philémon ngozi yake ilikuwa imefungwa katika vifuko vidogo vya plastiki.

Pigo kubwa lilitoka ndani ya familia. Éliézer ni kaka mkubwa wa Constant, karani mstaafu wa ofisi moja kule Base, kwenye kambi ya jeshi, na ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba yao Muteba alipofariki. Ana simu yenye kioo kilichopasuka, na katika kioo hicho husoma mambo ya dunia. Siku moja alikuja, akakaa kwenye kiti cha Constant, akatangaza kwamba adui ni glutène. Hakuna aliyejua glutène ni nini. Tulikubali tu kwamba ni kitu kibaya, kwa jinsi alivyolitamka.

"Na iko wapi, Yaya?" Phébé akamuuliza, maana Yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Éliézer alitazama simu, akatazama jikoni. "Mu bukari," alisema.

Sasa elewa. Bukari ni ugali wetu, unga wa mahindi na muhogo. Mtu wa Kamina anaweza kula wali, viazi, mkate na kuku mzima, ukimuuliza jioni atakuambia leo hajala, kwa sababu hakugusa bukari. Kumkataza mtu bukari ni kumwambia asile. Glutène ni ya ngano, na mahindi hawajawahi hata kuonana nayo, mpwa wangu anayesomea unesi aliniambia hivyo, lakini mkubwa wa ukoo akishasema, mahindi yatajitetea wapi?

Na kilichobaki, Pasta Élisha alikichukua kwa ulaini. Yeye hakukataza chakula chochote. Alishauri tu mfungo, kuanzia asubuhi mpaka jua linapotua.

Utauliza kwa nini alikubali, mwalimu mzima aliyesoma. Msimcheke. Mtu anayeumwa kila siku, wala hana kidonda cha kuonyesha, hujifunza kushukuru kila anayejifanya kumwamini. Hawa wote walimwamini, mradi aumwe kwa namna wanayotaka wao. Na katika nyumba za Wamethodisti wa mjini, nyumba za makarani na walimu, mtoto hulelewa kuwajibu wakubwa "ndiyo" kabla hawajamaliza kusema.

Basi Phébé akawa anaishi kwa papai, maji na unga wa mlonge. Nyumba ikamtii kwa zamu: leo sufuria bila nyanya, kesho bila maharage, mwishoni bila sufuria. Maumivu, ambayo zamani yalimpa hata nafasi ya kupumua, yakahamia moja kwa moja. Usingizi ukakimbia, kwa sababu tumbo tupu halina adabu usiku. Na asubuhi moja, darasani, alipokuwa akiwafundisha watoto kutoa na kujumlisha, miguu ilimwishia akakaa chini sakafuni mbele ya ubao.

Mkuu wa shule, mtu mpole, alimwita Constant akamwambia mke wake apumzike kidogo. Constant akamwambia Éliézer. Éliézer akaita kikao cha familia, na kikao kikaamua yaleyale Éliézer aliyokuwa amekwisha amua njiani: ikiwa hatapona kufikia Jumapili ya mavuno, Phébé ataacha shule, atapelekwa Kabondo-Dianda, kwenye nyumba ya maombi ya shemeji yake Éliézer. Huko angekaa mpaka apone. Darasa angepewa mwingine. Ugonjwa ambao daktari kasema hauponi, nao wanampeleka mahali akae mpaka upone! Na ile barabara ya Kabondo-Dianda ninaijua, humtoa meno mtu mzima.

Phébé alikuja jikoni kwangu akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata kwa maumivu.

"Mama Djo, bachukue yote. Bachukue bukari, bachukue samaki. Lakini kalasi yangu, hapana. Kule niko nasahau kama naumwa."

"Na Constant? Yeye eko anasema nini?"

"Anasema Yaya alishasema."

Nilikasirika mpaka nikaunguza vitunguu. Constant si mtu mbaya. Ni karani mwangalifu, mpole, humchotea mkewe maji kabla watu hawajaamka ili wasimwone. Lakini kwa Waluba mdogo hambishii mkubwa wake mbele za watu, na Constant alikuwa ameizidisha desturi hiyo mpaka hakumbishia hata nyuma ya watu. Yeye peke yake alikuwapo Lubumbashi. Angesema neno moja tu la daktari, mambo yangebadilika.

Ndipo akafa Papa Kabongo, mzee wa kanisa lao, jirani yetu wa mtaa wa nyuma, kwa uzee wake na kwa amani. Tulikwenda kwenye kilio sote, Wamethodisti kwa Wakatoliki, kwa maana msiba hauulizi ubatizo.

Kuna jambo moja kwenye kilio kwetu ambalo hata mtoto analijua. Bukari ya kilio hailiwi kwa njaa. Unaila kuonyesha kwamba moyo wako ni safi juu ya marehemu na kwamba huwaogopi waliompikia. Anayekataa, ama anajua kilichomuua, ama anadhani wenye nyumba ndio waliomuua. Hakuna jibu la tatu. Watu wamehama mtaa kwa sababu ya tonge walilolikataa.

Mjane, Mama Ngoie, alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu lakini yanaona. Sahani zikapita. Phébé akawekewa yake: bukari, maharage, samaki wa kukausha kutoka Bukama, na mchuzi wa nyanya juu. Nikaitazama sahani ile, nikatazama mkutano. Kila kitu kilichokuwamo kilikuwa kimekatazwa, na waliokikataza wote walikuwa pale, vinywa vimejaa. Mama Rachelle alikuwa akichambua kichwa cha samaki wa moshi. Docteur Christophe alikuwa na mchuzi mpaka kwenye ndevu.

Phébé hakugusa. Akatazama sahani kwa muda, mikono juu ya magoti. Wanawake wa karibu wakaanza kupunguza sauti. Mama Ngoie akainua kichwa.

"Madame Phébé. Juu ya nini hauli?"

Mama Rachelle alimkazia Phébé macho ya kumwonya, lakini sikujua anamwonya ale au asile. Nadhani hata yeye hakujua.

Phébé akainuka. Kuinuka kwake kutoka mkekani ni kazi, hushika goti, kisha kiuno, kisha hewa. Akachukua sahani, akamgeukia rais wake wa Kipendano.

"Mama Rachelle, weye njo ulinikataza samaki. Tosha yako."

Mama Rachelle alisita, kisha akafurahi. Kutiiwa mbele ya umati ni jambo tamu. Akamtoa samaki, akamweka kwenye sahani yake mwenyewe, akiwaangalia wenzake. Phébé akavuka kwenda upande wa wanaume, jambo ambalo mwanamke hafanyi na sahani yake mkononi, na wanaume wakasogeza miguu.

"Docteur, tomate."

Christophe akaukomba mchuzi kwa kijiko, kwa ustadi wa mtu wa hospitali.

"Papa Philémon, maharage."

Philémon alitoa yote, hata punje moja haikubaki. Anapenda sana maharage.

"Yaya Éliézer. Glutène."

Éliézer akalitwaa donge zima la bukari. Akageuka kwa wazee waliokaa karibu naye. "Muko naona?" alisema. "Bibi ya ndugu yangu anasikiaka."

Na Pasta Élisha, alipofikiwa, aliangalia ile sahani tupu, akaunganisha vidole, akasema mfungo ni kitu kizuri. Constant alikuwa amekaa pembeni yake. Aliangalia chini.

Kisha Phébé akarudi upande wa wanawake, akapiga magoti mbele ya mjane. Najua magoti yale. Niliyasikia kwangu mimi. Akanyoosha sahani tupu kwa mikono miwili.

"Mama, minyi sikukatala chakula yako. Nilikuwa na njaa yake. Bale njo balikatala."

Mama Ngoie aliisoma sahani. Kisha akawasoma, mmoja mmoja, wale waliokuwa na vyakula viwili viwili mbele yao.

"Éliézer wa Muteba," alisema, sauti ya chini kabisa. "Bukari ya bwana yangu iko na nini?"

Sijawahi kuona wakubwa wakikimbia wakiwa wamekaa. Éliézer alifungua kinywa akakuta bado kina tonge.

"Hapana, Mama, hapana! Ile ya kilio... ya kilio haina glutène."

"Mu kilio tomate haina acide," Docteur akadakia. "Ile inapikiwaka muda mrefu."

"Basi mumurudishie," alisema Mama Ngoie. "Ao mutaambia bantu yote hapa kintu kenye muliona mu chungu yangu."

Walirudisha. Walirudisha zaidi ya walichotoa. Philémon alimwaga maharage yake mwenyewe juu ya sahani, Mama Rachelle akaongeza samaki wa pili, na Pasta akambembeleza kwa mistari ya Maandiko kwamba ale, ale tu, kila kilichoumbwa ni chema. Mimi nilikuwa nimejifunika kitenge usoni, na waliokuwa mbali walidhani ninamlilia marehemu. Phébé akala polepole, akitafuna kila tonge. Mwisho akamshukuru Mama Ngoie na kumwambia samaki alikuwa mzuri, wakashikana mikono wakamlilia Papa Kabongo pamoja.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemkataza kitu. Akarudi kwenye maneno ya daktari. Uji asubuhi kabla ya shule, maharage mchana, bukari kidogo na sombe, yale majani ya muhogo, kabla giza halijaingia. Kwa kujichunguza mwenyewe aligundua kwamba chai ya sukari nyingi ya usiku ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi, basi, akaiacha. Nyanya hazikumfanya lolote. Maumivu hayakuondoka. Lakini miguu haikumwishia tena darasani, na siku njema zikaanza kuonekana katikati ya zile mbaya.

Ungedhani safari ya Kabondo-Dianda imekufa. Wapi! Éliézer alikuwa ameaibika, na mkubwa aliyeaibika lazima apate mlango wa kutokea. Pasta Élisha akampatia: Phébé alipona pale pale kwenye kilio, muujiza, na Jumapili ya mavuno atasimama atoe ushuhuda. Éliézer alikuja mwenyewe kumweleza. Nilisikia yote, nilikuwa naanika nguo.

"Ukisema ulipona, hakuna safari, unabaki na kalasi yako. Ukisema haukupona, motokari iko tayari kesho yake. Ni weye mwenyewe."

Hivyo ndivyo walivyomfungia. Akitaka darasa lake, aukane mwili wake mbele ya watu, na siku atakayoumwa tena waseme ni uvivu. Nilimshauri adanganye. Nilimwambia hata Mungu wa Wamethodisti atafumba jicho moja. Yeye akaendelea kusahihisha madaftari ya darasa lake.

Jumapili hiyo niliruka misa ya kwetu nikaenda kwao. Mbele ya madhabahu palijaa mahindi, maboga, viazi vitamu na mbuzi mmoja aliyekuwa akila sadaka ya jirani yake. Phébé akaitwa. Ilikuwa siku mbaya, nilijua kwa jinsi alivyopanda ngazi. Hakukuwa na kiti pale juu. Ni nani amwandalie kiti mtu aliyepona?

"Bandugu," alisema, "ninamushukuru Mungu. Leo mabega inaniuma, na magoti, na mikono—"

"Amina!" kanisa lote likaitikia, na ngoma ikapigwa. Walikuwa wamejiandaa kushangilia, hawakujiandaa kusikia.

Alingoja ngoma inyamaze. "Sikupona," alisema. "Niko naumwa. Docteur wa Lubumbashi alisema haiponi. Lakini nikikula muzuri na nikilala, niko nafundisha. Njo ushuhuda yangu."

Pasta aliinua mikono kwa ajili ya wimbo, lakini kwaya haikujua wimbo gani unafaa. Éliézer alisimama kwenye benchi la wazee. Alitoa kitambaa, akakikunja.

"Donc," alisema, "haukupona."

"Hapana, Yaya."

"Sawa. Kesho tunaenda Kabondo-Dianda."

Nilitaka kupiga kelele, lakini mimi pale ni mgeni. Phébé alikuwa ameshika ukingo wa mimbari, na vidole vyake vilianza kulegea. Kisha nikasikia kiti kikikokotwa sakafuni. Constant alikuwa ametoka safu ya nyuma, ameshika kiti chake cha plastiki kwa mkono mmoja, anapita katikati ya kanisa, akikwepa maboga. Alipita mbele ya kaka yake bila kumtazama. Akapanda, akakiweka kiti nyuma ya mkewe, akamshika kiwiko mpaka akakaa.

"Yaya," alisema, "minyi nilikuwa kwa docteur kule Lubumbashi. Nilisikia yote, na nilinyamaza. Bibi yangu anaumwa. Kesho anaenda mu kalasi yake."

Éliézer aliangalia huku na huku akitafuta mtu wa kumwambia mdogo wake amekosa adabu. Wote walikuwa wakimtazama Mama Ngoie, aliyekuwa ameketi mbele na kitambaa chake cheusi.

"Amina," alisema Mama Ngoie.

Constant hakurudi mahali pake. Alibaki amesimama pale mbele, mkono kwenye mgongo wa kiti, hadi ibada ikaisha.